Matofali ya Hiari

Jumapili baada ya ibada, kijana mmoja wa kwaya alinisubiri mlangoni mpaka watu wakapungua. "Shikamoo, Mchungaji," akasema, kisha akanyamaza kidogo. Alikuwa na swali juu ya gemu. Amechoshwa na zile za kupigana; akizima kompyuta usiku, moyo unamwenda mbio na usingizi umeshamruka. Sasa anatafuta gemu ambayo mtu anaingia mtandaoni na mhusika wake, anaishi na wenzake katika dunia moja, lakini kazi yake kubwa ni kutengeneza vitu. Je, achague ipi? Na je, ni sawa Mkristo kutumia muda wake hivyo?

Mpendwa, nimeona nikujibu na wewe pia, maana huenda nyumbani kwako yupo anayeuliza hayo hayo, au ni wewe mwenyewe. Na kabla ya jibu, nalifurahia swali. Mtu akianza kujiuliza burudani yake inamjenga kuwa mtu wa namna gani, tayari ameanza kuulinda moyo wake, na hilo ni jambo la kushukuru.

Nianze na inayojulikana zaidi, Final Fantasy XIV ya Wajapani. Ilitoka mwaka 2010, haikufaulu, ikasukwa upya na kurudi mwaka 2013. Ina mafundi wa aina 8: seremala, mhunzi, mtengeneza deraya, sonara, fundi ngozi, mfumaji, mtengeneza dawa na mpishi. Mbali na hao, wapo wachimba madini, wakusanyaji wa mimea na wavuvi. Lakini huanzi moja kwa moja na randa mkononi. Sharti kwanza uchukue kazi ya kupigana na kuifikisha ngazi ya 10, ndipo unapokelewa kwa mafundi. Anayekimbia mapigano kabisa ni vizuri alijue hilo mapema. Lipo toleo la kujaribia bila kulipa, ila humo huruhusiwi kuuza wala kubadilishana vitu na mwenzako, kwa hiyo utatengeneza vya kwako tu.

Nimewahi kuketi pembeni ya mchezaji mmoja akitengeneza joho humo ndani. Nilidhani atabonyeza mara moja, yaishe. Kumbe kila hatua ya kazi inapunguza uimara wa kile anachokishughulikia. Akikimbilia kumaliza, ubora unabaki chini. Akikazania ubora peke yake, uimara unamwishia kabla joho halijakamilika, na malighafi inapotea. Akahesabu hatua zilizobaki, akaacha hatua moja iliyokuwa ikimvutia, akachagua ya kawaida. Joho likatoka zuri, na ndani yake limeandikwa jina la aliyelitengeneza, ili hata mgeni atakayelinunua sokoni alisome.

EVE Online ya Iceland, iliyotoka mwaka 2003, nayo inasifika: karibu kila chombo kinachoruka katika anga lake kimeundwa na mchezaji fulani. Ila soko lake linaishi kwa vita, na fundi mwenyewe anaweza kuvamiwa njiani na kupoteza mzigo wake wote. Kijana wetu nisingemwanzishia huko.

Iliyonigusa mimi ni nyingine ya mwaka huo huo wa 2003, iitwayo A Tale in the Desert. Inatupeleka Misri ya kale, kando ya mto Nile, na haina mapigano hata kidogo. Mgeni anapoingia hapewi upanga. Anakata nyasi na kuzikausha, anachota tope, anazoa mchanga, kisha anafyatua matofali. Baada ya hapo anasubiri. Matofali yakiwa tayari, anayatoa na kufyatua mengine, kwa sababu bila matofali hana pa kuanzia.

Tope, majani makavu na Misri: unakumbuka ni wapi tumewahi kuvisoma pamoja? Katika kitabu cha Kutoka, wana wa Israeli walifyatua matofali chini ya wasimamizi wa Farao. Wakanyimwa majani, wakaambiwa wakatafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Kazi ilikuwa hii hii ambayo leo mtu anaifanya jioni kwa hiari yake na kuiita pumziko. Kilichoigeuza kuwa mateso ni yule aliyesimama nyuma yao, na ile hesabu isiyojua kuhurumia.

Ndiyo maana ningependa ujiulize kwa upole: je, nyuma ya kazi ya mikono yako yupo nani? Msimamizi anaweza kuingia hata kwenye gemu isiyo na upanga. Anakuja kama hofu ya kupitwa na wenzako, kama ngazi moja zaidi kabla ya kulala, kama ghala lisilotosha. Yule tajiri wa Injili ya Luka hakumpiga mtu yeyote. Alipanga tu kubomoa maghala yake ili ajenge makubwa zaidi, na usiku ule ule akaitwa. Katika ile Misri ya mtandaoni, kipindi kikifika mwisho nchi huanzwa upya, na waliojenga wanarudi kukata nyasi pamoja na mgeni aliyefika jana. Nawaza jinsi inavyomuuma aliyejilimbikizia, na jinsi isivyomsumbua sana aliyekuwa akifyatua kwa ajili ya jirani.

Naamini Mungu anaupenda ufundi. Bezaleli anatajwa kwamba alijazwa Roho ili afanye kazi ya dhahabu, mawe na mbao. Paulo alishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Naye Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha nguo alizowashonea. Maandiko hayatuambii zilikuwa ngapi. Yanatuonyesha wajane wenyewe, na nguo ziko mikononi mwao.

Kwa hiyo kijana wangu, unapochagua, tazama kama gemu hiyo inakupa nafasi ya kumtengenezea mwingine. Je, yupo mgeni wa kumpa matofali yako ya kwanza? Je, mwenzako akiharibu kazi ya pamoja, mnaweza kuianza tena bila matusi? Tazama pia bando linatoka mfukoni mwa nani, na kama mama akiita kutoka jikoni unaweza kuinuka bila kununa. Kazi ya kwenye skrini inaweza kusubiri. Mdogo wako anayetaka kufundishwa hesabu leo, kesho huenda asije tena kuomba.

Limebaki jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia pale mlangoni. Katika A Tale in the Desert wachezaji hutunga sheria zao kwa kura, na humchagua mmoja wao kuwa Farao mdogo. Huyo hupewa uwezo wa kumfukuza mchezaji yeyote asirudi tena, lakini mwisho wake ni watu 7. Niliposikia idadi hiyo nilimkumbuka Petro akimuuliza Bwana amsamehe ndugu yake mara ngapi, hata mara saba? Bwana akampa hesabu ambayo hakuna anayeweza kuishika kwa vidole. Wewe ungepewa nafasi hizo saba, ungezitumia kwa nani? Huenda jina la kwanza limekujia hata kabla hujamaliza kusoma. Kama ni mtu uliyegombana naye mtandaoni na ukamzuia asikuandikie, mwombee leo kwa jina lake. Kesho, ukiona amani, mfungulie, umsalimie tu. Kama alikuumiza vibaya na bado si salama kumkaribia, endelea kumwombea ukiwa mbali, uje tuzungumze. Ofisi ya usharika iko wazi Jumatano jioni, na yule kijana wa kwaya nimemwomba aje pia.