Rangi za nyota: je, picha inaweza kusema uwongo?

Katika chumba cha kusomea cha parokia yetu kuna picha moja ukutani. Inaonyesha nguzo tatu za wingu zimesimama angani kama vichuguu virefu, na nyuma yake mwanga wa kijani na buluu. Watu wengi hupenda kuitazama. Siku moja mzee mmoja, mtu wa akili na wa maswali, aliitazama kwa kitambo, kisha akamwuliza mwalimu wa shule aliyekuwapo: «Mwalimu, kama mimi ningefika huko, macho yangu yangeona rangi hizi?» Mwalimu akajibu: «Hapana, baba, usingeziona.» Mzee akatikisa kichwa: «Basi picha hii ni ya uwongo, nanyi mmeitundika katika nyumba ya parokia!»

Wasomaji wapenzi, siku ile tulicheka, lakini baadaye maneno ya mzee yalituchoma. Mtu akituonyesha kitu kisivyo, tunamwita mwongo. Je, wataalamu wa nyota nao ni waongo? Na sisi tunaotundika picha zao, je? Tuliangalie jambo hili polepole.

Picha ile ilifanywaje?

Nguzo zile ni sehemu ya wingu kubwa la gesi na vumbi, liitwalo Wingu la Tai. Liko mbali sana: mwanga wake husafiri karibu miaka 6,500 kabla ya kutufikia. Mwezi wa nne mwaka 1995, Jeff Hester na Paul Scowen, wataalamu wa Marekani, walizipiga picha nguzo hizo kwa darubini iitwayo Hubble, inayoizunguka dunia juu ya hewa yetu.

Kamera ya darubini ile haijui rangi. Inapima tu: hapa mwanga mwingi, hapa mwanga kidogo, na picha hutoka nyeusi na nyeupe. Basi wataalamu waliweka mbele yake vioo vya kuchuja mwanga, kimoja kimoja. Kimoja kilipitisha mwanga wa salfa, kingine ule wa hidrojeni, na kingine ule wa oksijeni. Kisha wakaipa picha ya salfa rangi nyekundu, ile ya hidrojeni kijani, ile ya oksijeni buluu, wakaziunganisha zote kuwa picha moja.

Lakini kwa asili mwanga ule wa hidrojeni si wa kijani. Ni mwekundu, na ule wa salfa ni mwekundu vilevile. Kama rangi zingeachwa zilivyo, vitu hivyo viwili vingechanganyika machoni petu, nasi tusingejua kipi kiko wapi. Rangi zilibadilishwa kusudi tofauti iliyoko kweli ipate kuonekana. Wala hazikugawiwa ovyo. Katika upinde wa mvua nyekundu iko upande mmoja, kijani katikati, buluu mbele yake. Na mwanga wa salfa, wa hidrojeni na wa oksijeni hufuatana kwa utaratibu huo huo. Wataalamu waliushika utaratibu huo.

Waimbaji wetu wataelewa upesi. Wimbo ukiwa juu mno kwa sauti za wanaume, mwalimu wa kwaya huushusha. Kila sauti imebadilika, lakini wimbo ni ule ule. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2022, darubini mpya iitwayo James Webb ilipozipiga picha nguzo zile kwa mwanga ambao jicho la mtu haliuoni kabisa. Mwanga wa namna hiyo hauna rangi kwetu; usipopewa rangi, hatuwezi kuutazama.

Je, jicho ndilo kipimo?

Mzee wetu alisema: kisichoonekana hivyo kwa macho yangu si kweli. Tumjibu kwa heshima. Mbalamwezi ikiwaka, tandika kitambaa chekundu uani. Utakiona kama cheusi. Je, kitambaa kimekuwa kingine usiku? La, jicho letu ndilo linaloshindwa kujua rangi mwanga ukiwa mdogo. Hata mtu akitazama mawingu ya nyota kwa darubini yake, mara nyingi huona ukungu wa kijivu tu. Kumbe jicho nalo lina mipaka yake.

Tena, ukutani mwa shule kuna ramani ya dunia. Nchi hii ina rangi ya manjano, ile ina rangi ya waridi. Hakuna mtoto anayedhani kwamba akivuka mpaka udongo utageuka waridi. Kwa nini hadanganyiki? Kwa sababu amefundishwa kuisoma ramani, na pembeni yake kuna maelezo.

Lakini tusidhani kwamba picha yenye rangi za kawaida ni ya kweli siku zote. Mwaka 1976 chombo Viking 1 kilitua juu ya sayari ya Mirihi. Picha ya kwanza ya rangi iliyotolewa ilionyesha mbingu ya buluu kama yetu. Baadaye walipopima vizuri, wakaona kwamba mbingu ya kule, kwa ajili ya vumbi, inaelekea waridi, wakaisahihisha. Rangi tuliyoizoea ndiyo iliyokuwa ya uwongo.

Uwongo unakaa wapi?

Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba mwongo ni mtu aliye na jambo moja moyoni na jingine mdomoni, akitaka kudanganya. Basi tutazame nia na neno. Wataalamu wa nyota wenyewe huziita rangi za namna hii «rangi zisizo za kweli». Anayekuambia waziwazi alichofanya hakudanganyi.

Lakini kuna hatari, nayo ni kubwa. Sikieni habari ya Neptuni. Mwezi wa nane mwaka 1989 chombo Voyager 2 kilipita karibu na sayari hiyo. Ili mawingu yake yaonekane vizuri, wataalamu waliikoleza rangi ya picha ikawa buluu nzito, nao wakaandika kwamba wameikoleza. Miaka ikapita. Picha ikaingia katika vitabu na mashule, lakini yale maneno hayakuifuata. Dunia nzima ikaamini kwamba Neptuni ni buluu nzito, na jirani yake Uranusi ni ya kijani hafifu. Mwaka 2024 Patrick Irwin wa chuo kikuu cha Oxford, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba sayari hizi mbili zinafanana sana: zote zina buluu hafifu yenye kuelekea kijani, na Neptuni imeizidi nyingine kidogo tu kwa buluu.

Nani alisema uwongo hapa? Aliyeikoleza picha alisema kweli. Walionakili hawakuwa na nia mbaya. Waliona maneno ni marefu, nafasi ni ndogo. Hata hivyo watu walipotea zaidi ya miaka thelathini. Tunajifunza kwamba kweli yaweza kufa mikononi mwa watu wasio waongo, neno likitengwa na picha yake.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Leo kila mmoja wetu mwenye simu hupokea picha na kuzipeleka kwa wengine: picha ya maiti, ya vita, ya mtu anayesingiziwa wizi. Imepigwa wapi? Mwaka gani? Nani ameigusa? Hatuulizi, twaipeleka tu. Kisha jina la mtu linaharibika, nasi twasema: «Mimi sikusema kitu.» Ni kweli, hukusema kitu, na hilo ndilo kosa.

Nasi tuna letu la kukiri. Picha ya nguzo zile tuliitoa katika gazeti moja. Chini yake palikuwa na maelezo ya rangi. Tuliyakata kwa makasi, kusudi picha iingie vizuri katika fremu. Kwa hiyo mzee hakukosea kutugombeza. Jumapili iliyofuata mwalimu alichukua kalamu, akaandika kwenye karatasi: «Nyekundu ni salfa, kijani ni hidrojeni, buluu ni oksijeni. Jicho lisingeona hivi.» Akaibandika chini ya fremu. Mzee akaisoma mara mbili, akasema: «Sasa iacheni hapo.»