Kitunze Kikutunze

Wahenga walinena, "Kitunze kikutunze," wala hawakutaja ni kitu gani. Kwa mvuvi ni ngalawa, kwa seremala ni randa, na hapo hapana mwenye kubisha. Lakini kitu hicho kinapokuwa bunduki iwekwayo nyumbani, methali hupata uzito mwingine. Je, aisafishaye silaha anatunza chuma tu, au anatunza pia tendo ambalo chuma hicho kitakuja kulitenda?

Vifaa vyenyewe ni vichache: mdeki mwembamba kuliko kasiba ya bunduki, brashi ya shaba, kwa kuwa shaba ni laini kuliko chuma na haikwaruzi mifuo ya ndani, vitambaa vya pamba, na mafuta mepesi. Bunduki ya kale itumiayo baruti nyeusi huhitaji pia maji ya moto, kwani masizi ya baruti hiyo hunyonya unyevu, na kutu haikawii. Kabla ya yote hayo lipo jambo lisilouzwa dukani: kuhakikisha, kwa jicho na kwa kidole, kwamba ndani hamna risasi.

Hewa ya chumvi ikiachiwa kazi yake, huipokonya silaha nguvu taratibu bila ya kumuuliza mtu. Apakaye mafuta huizuia kazi hiyo, na huenda akaipa silaha umri mrefu kuliko wake mwenyewe. Bunduki ya Martini-Henry iliingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1871. Zaidi ya miaka 130 baadaye, bunduki za aina hiyo zilikuwa zingali zikikutwa Afghanistan. Ni nani awezaye kudai kwamba mikono yote iliyozisugua ilikuwa na nia moja?

Atatokea wa kusema kwamba lawama ni ya kidole kivutacho, si ya kitambaa kifutacho. Hoja hiyo ina nguvu, hasa kwa vile uzembe nao hauna usafi: kasiba iliyoziba yaweza kumpasukia mwenyewe usoni. Hata hivyo, kufuta ni kuandaa, na mwenye kuandaa hawezi kusema kuwa yeye ni mpita njia. Katika ngoma ya razha ya Waomani, bunduki hubebwa pamoja na panga, nazo hung'arishwa; lakini wanaotazama wanajua zimeng'arishwa kwa ajili ya nini. Bunduki ya nyumbani haina watazamaji. Nia yake huijua mwenyewe peke yake, naye si wa kuishi milele.

Basi utunzaji unaokomea kwenye mafuta ni nusu ya utunzaji. Nusu ya pili ni kufuli madhubuti, risasi kuwekwa mbali na bunduki, na mwenyewe kuamua angali hai itakwenda mikononi mwa nani. Asiyeweza kulijibu hilo, heri aisalimishe kwa wenye mamlaka kabla hajanunua chupa ya mafuta.