Aliyemwaga na Aliyekunywa

Je, mtu aweza kuwa na hatia juu ya mwenzake ambaye hakumwona kamwe? Swali hili si la wasomi peke yao. Ni la kila mji unaokunywa maji ya visima, na jibu lake lapasa kutafutwa kabla maji hayajaharibika.

Tuutazame mji wa Woburn, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambao tangu zamani ulikuwa mji wa viwanda na wa watengenezaji wa ngozi. Mwaka 1964 ulichimba kisima kimoja, na mwaka 1967 kingine, ili kuwaongezea watu maji. Wakazi wa upande wa mashariki walinung'unika kwamba maji yale yananuka na ladha yake ni mbaya. Wakajibiwa kwamba yanafaa kunywewa. Mwezi wa Mei 1979 visima vyote viwili vilifungwa. Ilionekana vimeingiwa na sumu za viwandani, hasa trikloroetilini, ambayo hutumika kuondolea grisi katika vyuma. Tena, kati ya mwaka 1969 na 1979 watoto 12 wa mji huo walipatikana na saratani ya damu, ilhali kwa hesabu za wataalamu wangetazamiwa watano hivi tu. Wa kwanza kushuku maji hakuwa mganga wala afisa. Alikuwa mama mwenye mtoto mgonjwa, aliyeona kuwa majirani nao wana msiba uleule.

Shauri lilipofika mahakamani mwaka 1986, baraza la juri lilitakiwa kutaja hata mwezi na mwaka ambao sumu ilianza kufika visimani. Hatuilaumu sheria kwa kudai ushahidi. Bila ushahidi hata asiye na kosa angehukumiwa. Lakini sumu husafiri chini ya ardhi polepole, wala haiachi nyayo. Basi ye yote anayengoja kuthibitishiwa mahakamani ndipo ajione ana wajibu, atangoja mpaka watu wamekwisha zikwa.

Dhamiri huuliza swali jingine, tena fupi: Je, ungalimwaga kitu hicho katika kisima cha watoto wako? Hapa ndipo udhuru wa kutojua unapoanguka. Yawezekana mfanyakazi wa kiwanda hakujua jina la ugonjwa, wala njia ya maji chini ya ardhi. Lakini alijua kwamba kitu kile si cha kunywewa, akachagua kukimwaga mahali ambapo yeye hanywi. Kutojua kunamwondolea mtu hatia pale tu alipokuwa hana njia ya kujua. Aliyefumba macho ili asione hawezi kujitetea kwamba palikuwa na giza.

Wengine watasema, "Sikuwa peke yangu." Ni kweli; wengi walimwaga, kila mmoja kidogo. Lakini hatia si mkate, hata ikigawanywa kwa watu kumi kila mmoja apate kipande tu. Kila mmoja ana hatia ya tendo lake zima. Kadhalika afisa anayeletewa malalamiko, akajibu kwamba maji ni salama pasipo kupima kila linalopasa kupimwa, hakumwaga sumu, lakini amewanyang'anya watu hofu ambayo ingaliwaokoa.

Mwaka 1991 makampuni kadhaa yalikubali kugharimia usafishaji wa mahali pale, karibu dola milioni 70. Ilikuwa haki kufanya hivyo. Hata hivyo visima vile havikurudi kutumika, na hapana fedha iwezayo kumrudisha mtoto kaburini. Malipo ni wajibu wa pili. Wa kwanza ulikuwa kutomwaga.

Wasomaji wetu wapendwa, tusidhani kwamba habari hii ni ya Wamarekani na viwanda vyao tu. Fundi wa magari amwagaye oili chafu nyuma ya karakana, mwenye nyumba achimbaye choo karibu na kisima cha jirani ili asipoteze sehemu ya kiwanja, wote wanaulizwa swali lilelile. Yatupasa kulijibu tungali na ndoo mkononi. Jirani yetu si yule tu tunayemwona uani. Ni pamoja na yule atakayekunywa maji yaliyopita chini ya miguu yetu.