Mtumishi wa Ustawi wa Jamii kama Amana
Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa afisa ustawi wa jamii wajibu wa kuchunguza taarifa za mtoto anayedhulumiwa, lakini swali la kimaadili linabaki: nani humtazama afisa huyo? Jibu ni usimamizi elekezi, yaani mazungumzo ya faragha ya mara kwa mara baina ya msimamizi na mtumishi kuhusu kazi na hali yake. Usimamizi huu haufanani na ukaguzi wa mafaili, kwani faili huonyesha tarehe ya ziara, si mkono uliotetemeka wakati wa kuiandika. Katika mafundisho ya Kiislamu, amana ni kitu ambacho aliyekabidhiwa ataulizwa habari zake. Mtumishi naye ni amana mikononi mwa msimamizi; kwa hiyo msimamizi anayemwacha mtumishi peke yake na majonzi ya watu amefanya khiyana, yaani ameisaliti amana hiyo.