Mifuko Saba ya Chumvi

Huku Lukenya, maneno "maji ya chumvi" yana maana mbili, na utakayoisikia inategemea umesimama upande gani wa ukuta. Nje ya ukuta ni malalamiko. Visima vingi virefu vya upande wa Athi River na Machakos hutoa maji yenye chumvi: sabuni inakataa kutoa povu, sufuria inaota ukoko mweupe, na chai inakuwa na ladha ambayo hata sukari haiifichi. Mtu akipata pesa hununua maji matamu kutoka kwa lori au kwa mwenye mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Ndani ya ukuta, maneno hayo hayo ni sifa. "Bwawa letu la kuogelea ni la maji ya chumvi," linasema tangazo la nyumba ya wikendi, na bei inapanda.

Swali langu ni rahisi kuuliza kuliko kujibu: mtu aliyelipia maji yake, stima yake na chumvi yake, bado anadaiwa nini na jirani anayehesabu mitungi?

Kabla ya kuhukumu, tuijue mashine. Mimi niliijua kwa njia ya kawaida ya mtu anayeishi kwa kuandika, yaani kwa kutafuta hela. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo naandika chochote kinacholipa. Mwenye nyumba mmoja karibu na kilima alitaka maagizo ya Kiswahili kwa ajili ya mzee anayemtunzia boma. Maagizo ya kiwandani yalikuwa ya Kiingereza, na kutoka Jumatatu hadi Ijumaa mzee angebaki peke yake na hiyo mitambo. Kwa hivyo nilikaa na fundi siku mbili, yeye akifunga mabomba, mimi nikiuliza na kuandika.

Bwawa lenyewe lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5. Hizo ni lita 48,000. Mashine inataka chumvi kama gramu 3.5 kwa kila lita, takriban sehemu moja ya kumi ya chumvi iliyo baharini. Piga hesabu: kilo 168. Mifuko saba ya kilo 25, na kidogo inabaki. Chumvi ya bahari ya Kenya huvunwa kaskazini mwa Malindi, upande wa Gongoni na Marereni, ambako maji hufungiwa kwenye majaruba na jua likafanya kazi yake. Ukifikiria vizuri, ni kichekesho kidogo: Pwani watu wanangoja jua liondoe maji wabaki na chumvi, halafu chumvi inapanda Barabara ya Mombasa kuja kutiwa kwenye maji matamu ya nchi kavu.

Kazi ya mitambo inafuata mpangilio. Pampu inavuta maji kutoka bwawani na kuyasukuma kwenye kichujio cha mchanga. Yakishachujwa yanapita kwenye seli, ambayo hufungwa mwisho kabisa, kabla tu ya maji kurudi bwawani. Ndani ya seli kuna bamba za titani. Stima ikipita kati yake, chumvi iliyoyeyuka inavunjwa na klorini inazaliwa hapo hapo. Upande wa pili inatoka haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka, na ndiyo maana kuna swichi inayozima seli mara tu maji yanapoacha kutembea. Swichi hiyo haifai kurukwa eti kwa sababu inasumbua. Klorini inaua vijidudu na mwani, kisha ikimaliza kazi, au ikipigwa na jua, inarudi katika hali ya chumvi. Kesho yake inavunjwa tena.

Kuna mambo mawili ya kuelewa hapa. La kwanza, lile tangazo la "bwawa lisilo na kemikali" si kweli. Bwawa la chumvi ni bwawa la klorini lenye kiwanda chake nyuma ya nyumba. Klorini hiyo ni ya ukoo mmoja na dawa ya kutibu maji inayouzwa madukani kwa chupa ndogo, na mashine zenye kanuni hii hii hutengenezwa pia kwa ajili ya maji ya kunywa. Seli inayotoa gramu 20 kwa saa, ikifanya kazi saa nane, inatoa gramu 160. Kwa kipimo cha miligramu 2 kwa lita, klorini hiyo ingetosha kutibu lita 80,000 za maji ya kunywa, yaani mitungi 4,000 ya lita 20, kila siku. Sisemi mashine ya bwawa ihamishiwe kijijini. Kuna mambo mengi katikati. Nasema tu kwamba ujuzi tunao. Kinachoamua ni tunauelekeza wapi.

La pili ndilo lililonishika. Mzunguko huu unavutia sana kimawazo. Chumvi inakuwa klorini, klorini inakuwa chumvi, hakuna kinachopotea, hakuna taka, hakuna deni. Ukiutazama kwa muda unaanza kuamini kwamba bwawa zima liko hivyo: kitu kinachojitosheleza ndani ya ukuta wake, kisichochukua chochote kwa mtu yeyote.

Lakini chumvi inabaki kwa sababu haijui kuruka. Maji yanajua. Tukikadiria kwamba jua na upepo wa huku vinakausha milimita 5 kwa siku, basi bwawa la mita za mraba 32 linapoteza lita 160 kila siku, hata kama hakuna mtu aliyeingiza kidole. Hiyo ni mitungi minane. Tena kila kichujio kikioshwa kwa kurudisha maji nyuma, mamia ya lita yanamwagwa nje yakiwa na chumvi yake, na mahali yanapoangukia kila mara, mimea haitakushukuru.

Nilipomsomea mzee maagizo, tulifika kwenye ukurasa wa kumbukumbu. Kuna safu ya tarehe, ya chumvi, ya klorini, ya kiwango cha asidi, ya saa za pampu. Nikamweleza kwamba maji yakishuka chini ya tundu la kuvutia, pampu inavuta hewa na inaweza kuungua, kwa hivyo lazima aongeze, na nikamtajia makadirio.

"Kwa hivyo bwawa linakunywa mitungi nane kwa siku," akasema. "Kwangu tuko watano, na tunatumia minne."

"Ndio, mzee."

Hakulalamika. Aligeuza daftari, akatazama zile safu, akauliza: "Sasa kijana, hiyo mitungi nane naandika wapi?"

Hakukuwa na mahali. Kila kitu ambacho mashine inakijali kilikuwa na safu yake. Maji yenyewe hayakuwa nayo, kwa sababu mashine inayachukulia kuwa yapo tu. Nikachukua rula, nikachora safu nyingine.

Naona hapo ndipo swali lote la kimaadili lilipo. Tuna hesabu ya makini ajabu kwa vitu tunavyoogopa vitatuharibia starehe, na hatuna hesabu yoyote kwa kitu tunachochukua kutoka kwa wengine.

Jibu la kwanza la mwenye bwawa ni kwamba amelipa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ni kweli amelipa. Lakini alilipia nini? Bei ya lori ni dizeli, dereva, pampu na faida. Bei ya kisima kirefu ni kuchimba, bomba na stima. Hakuna shilingi hata moja katika hizo inayomfikia mtu atakayekuta kina cha maji kimeshuka baada ya miaka kumi. Na sheria yetu inalijua hilo. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali za maji ziko mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa amana ya watu wa Kenya. Zingatia hilo neno, amana. Kitu cha amana unaweza kuruhusiwa kukitumia. Huwezi kuringa nacho kama chako. Mwenye kisima anapewa kibali. Hatimiliki ya ploti haishuki hadi kwenye mwamba wenye maji.

Jibu la pili ni gumu zaidi: "Nikilikausha bwawa langu leo, mtungi wa mzee hautajaa." Kweli tupu. Hakuna bomba kutoka bwawani hadi kwake. Lakini fikiria harambee. Shilingi mia yangu peke yake haijengi darasa, na nikikaa nayo darasa bado litajengwa. Hata hivyo hakuna mtu aliyewahi kusimama kwenye harambee akatoa hoja hiyo bila kuchekwa. Tunaelewa, bila kusoma falsafa, kwamba mambo yanayofanywa na wengi yana fungu la kila mmoja. Kisima kimoja hakikaushi ardhi. Mashamba ya ng'ombe yakigeuka ploti, na kila ploti ikataka kisima, hapo habari ni nyingine, ingawa kila mmoja ataapa kwamba chake ni kidogo.

Jibu la tatu linatugeukia sisi. Kwa nini bwawa? Bafu la mvua linalotoa lita 10 kwa dakika, ukikaa chini yake dakika 16 ukisikiliza muziki, umemaliza mitungi yako minane hapo hapo Kilimani au Roysambu. Na hayo mabwawa ya Lukenya yamechimbwa kwa ajili ya nani? Ni sisi. Wasee kumi wanachanga, wanakodi nyumba wikendi, picha zinapigwa miguu ikiwa majini na kilima nyuma. Bwawa pia linamlipa fundi, linamlipa mzee mshahara, limenilipa mimi. Anayetaka kulaani bwawa peke yake anatafuta mahali rahisi pa kutupia jiwe.

Kwa hivyo sisemi bwawa ni dhambi. Nasema linadaiwa, na deni lake linaweza kuhesabiwa. Tuhesabu basi. Lita 160 kwa siku ni lita 58,400 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 200, likipata milimita 500 za mvua kwa mwaka, linapokea lita 100,000. Ondoa sehemu ya tano inayopotea kwa kumwagika na kukauka, unabaki na 80,000. Maana yake paa la nyumba hiyo hiyo linaweza kulipa kiu ya bwawa na likabakiza. Kinachokosekana ni tangi kubwa na subira: kungoja mvua ya Machi hadi Mei, na ile ya Oktoba hadi Desemba, badala ya kupigia lori simu Ijumaa jioni kwa sababu wageni wanakuja kesho. Ukilifunika bwawa lisipotumika, sehemu kubwa ya zile lita hairuki kabisa.

Hili si wazo geni katika nchi hii ya Wakamba. Machakos ina mabwawa ya aina nyingine, mabwawa ya mchanga. Ukuta unajengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanajificha ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Wakati wa kiangazi watu wanafukua na kuchota. Mengi ya mabwawa hayo, pamoja na matuta ya kuzuia udongo kwenye vilima, yamejengwa kwa mwethya, kazi ya pamoja ambapo leo ni kwako, kesho ni kwangu. Hayo nayo ni mabwawa. Tofauti ni kwamba moja limeanza kwa kuuliza maji yatatoka wapi na yatabaki vipi, na lingine limeanza kwa kuuliza vigae viwe rangi gani.

Mtu akiniuliza sasa mwenye bwawa anadaiwa nini, namjibu hivi. Anadaiwa safu kwenye daftari, ili ajue anachochukua. Anadaiwa kifuniko. Anadaiwa mahali pa kumwaga maji ya kuoshea kichujio pasipo shamba la mtu. Anadaiwa tangi la mvua, tena lijengwe kabla ya bwawa. Na kama ana kisima chenye maji yanayonyweka, anadaiwa bomba nje ya geti, kwa bei ya kuyavuta tu. Akifanya hayo, na aogelee, sitamnung'unikia.

Na sisi tunaolipa kwa wikendi tuna fungu letu, kwa sababu pesa yetu ndiyo inayosema ni nyumba ipi itajengwa inayofuata. Tunauliza kama kuna intaneti, kama kuna jiko la kuchomea nyama, kama bwawa lina taa usiku. Swali la tangi liko wapi halichukui hata nusu dakika. Mwenye nyumba akiulizwa na wageni ishirini, tangi litanunuliwa.