Je, kitu kilichotupwa kinaweza kuwa zawadi?



Katika nchi za matajiri watu wanatupa ordinatere za nyumbani kabla hazijakufa, kwa sababu tu mpya imetoka. Wengine wanazikusanya, wanazitengeneza na kuwapa wasio nazo. Tunajiuliza: mwenye kupewa kitu kilichotupwa, amependwa ao amedharauliwa?

Nabii Malaki, sura ya kwanza, aliwakemea makuhani walioleta mnyama kipofu na kilema mbele ya Mungu. Leo pia wako watu wanaojaza kontena mashine zilizokwisha kufa, pamoja na vioo vya zamani vyenye risasi ndani, wanaziita msaada, wanazituma Afrika. Mapatano ya Bamako ya 1991 yanakataza kuingiza takataka za sumu Afrika, lakini karatasi haisimami bandarini yenyewe. Hiyo si zawadi, na aibu yake ni ya mtumaji.

Lakini tazameni kazi iliyoanza mwaka 2000 katika mji wa Portland, Marekani, jina lake Free Geek. Wakaaji walileta mashine zao kuukuu, na mtu asiye na franka alikuja kufundishwa: alitengeneza tano kwa ajili ya wengine, ya sita akaipeleka kwake. Sisi tunaoungama Upendo, Amri na Kazi tunalielewa jambo hilo upesi. Hekalu la Nkamba, lililofunguliwa 1981, lilijengwa kwa mikono ya waaminifu, na pale hapakuwa na mfadhili na mwombaji. Tena tuseme: mjane asiyeweza kushika bisibisi apewe bila kuhesabiwa saa.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalifikiri. Ordinatere ya nyumbani inafika na barua za mwenyewe, picha za watoto wake, hesabu za madeni yake. Ukifuta, jina ndilo linaloondoka. Maneno yenyewe yanabaki katika diski mpaka mengine yaandikwe juu yake. Basi kijana anayeitengeneza anaweza kuuona uchi wa nyumba asiyoijua. Shemu na Yafeti walitembea kinyumenyume na nguo mabegani, wasimwone baba yao. Fundi wa kanisa afanye vile: aifunike diski nzima kabla ya kufungua chochote, hata kama hakuna anayemtazama.

Wako ndugu wanaosema tusimshukuru mtu, maana koltani ya Masisi imo ndani ya mashine za namna hii. Hasira yao tunaielewa. Lakini deni lile halilipwi kwa ordinatere kuukuu. Tusichanganye hesabu mbili.

Kwa hiyo ninyi waaminifu wa Ubelgiji na Ufaransa mnaotaka kukusanya: washeni kila mashine kabla ya kuifunga, safisheni diski, tieni na kamba yake ya umeme. Iliyokufa ibaki huko kwenu, ipelekwe wanakovunja vyuma.