Uraka na Mpaka wa Kilevi

Uraka hutengenezwa kwa mabibo, matunda ya mkorosho, na msimu wake katika kijiji cha Chidya na kote Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, ni ule wa korosho. Korosho hunyofolewa ikapelekwa ghalani. Bibo, lenye maji mengi na ukakasi, hukamuliwa. Maji yaliyotoka kukamuliwa ni juisi tamu. Yakiachwa ndooni bila kutiwa chochote, hamira ya asili iliyo kwenye ganda la tunda huanza kula sukari, povu linapanda, na kesho yake ndoo ile ile ina uraka. Ukichemshwa na mvuke wake kukingwa hutoka gongo, ambayo sheria ya mwaka 1966 inakataza kuitengeneza bila leseni. Lakini utata wa kidini unaanza mapema, katika zile saa ambazo halali inageuka na hakuna mkono ulioigeuza.

Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ni Mashafii, na hukumu yao ni moja: kinacholevya kikiwa kingi, hata kidogo chake ni haramu. Wanazuoni wa kale wa Kihanafi walitofautisha: mvinyo wa zabibu haramu hata tone, vingine vingi kwa kiasi kinacholevya. Rai ya Kishafii ina nguvu zaidi, kwa kuwa haimwachii mnywaji kupima ulevi wake mwenyewe.

Wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana, walioanza kazi Masasi mwaka 1876 walikuja na divai ya altareni, kwa hiyo hawakuweza kukiita kilevi najisi. Kwa Waanglikana dhambi ni kulewa. Kwa moyo huo huo wa kurekebisha badala ya kukataza, Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, alipounda jando la Kikristo alibakiza tohara na mafunzo, akaweka sala mahali pa matambiko. Walokole wamerudi kwenye katazo kamili.

Fundisho hilo la Kianglikana la kiasi, pamoja na busara yake, linamsahau mkamuaji. Mara nyingi ni mwanamke anayesubiri malipo ya mnada wa korosho, na uraka humpa fedha ya leo. Hadithi ya Mtume kuhusu watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya khamri inamtaja mkamuaji na muuzaji waziwazi. Ni hukumu nzito kwa mama mwenye ada ya shule ya kulipa, ila imeona jambo la kweli: kiasi anaombwa mnywaji, na kipato cha muuzaji hupanda kiasi kinapovukwa.